Kutoka Neno hadi Sentensi: Namna ya Kuwafundisha Wanafunzi wa Sekondari Kujadili Dhamira za Riwaya

Ukimwuliza mwanafunzi wa Kidato cha Tatu dhamira za riwaya aliyoisoma, mara nyingi atakutajia orodha bila kusita: ukombozi wa mwanamke, rushwa, mapenzi, umaskini, malezi, mila na desturi. Ukimwuliza riwaya hiyo inasema nini kuhusu rushwa, atanyamaza. Katika kufundisha kwangu Kiswahili hapa Moshi nimekutana na ukimya huo mara nyingi mno, na nimekuja kuamini kwamba hapo ndipo kazi ya mwalimu wa fasihi inapoanzia: kumsaidia mwanafunzi avuke kutoka kwenye neno linalotaja jambo hadi kwenye sentensi inayosema kitu kuhusu jambo hilo, sentensi ambayo mwenzake anaweza kuikubali au kuipinga kwa kufungua kitabu. Yanayofuata ni maelezo ya namna ninavyolifanya zoezi hilo darasani. Nimeyaandika nikimfikiria mwalimu mwenye wanafunzi wengi, nakala chache za kitabu na kipindi cha dakika 40.

Jambo la kwanza ni istilahi, na hapa sitakaa sana. Wanafunzi wetu wanafundishwa kwamba maudhui yana vipengele vyake, yaani dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo na msimamo, na kwamba fani ina muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mgawanyo huo unafaa kwa kujifunzia, lakini una hatari moja, nayo ni kwamba mwanafunzi huanza kuiona riwaya kama kabati lenye droo, akidhani dhamira zimefungiwa katika droo yake na wahusika katika yao. Mwambie mapema kwamba dhamira haina mahali pake pekee kitabuni. Inaonekana katika yale wanayoyatenda wahusika, katika mahali mwandishi alipowaweka, katika maneno anayowapa kinywani na katika yale anayowanyima. Ule mfano maarufu wa fani na maudhui kuwa pande mbili za sarafu moja utaeleweka vizuri zaidi ukiuonesha katika kifungu halisi kuliko ukiuandika ubaoni ili unakiliwe.

Vilevile usiwanyang'anye wanafunzi yale majina mafupi ya dhamira. Mtihani utawataka waandike “dhamira ya malezi” au “dhamira ya utabaka”, na hakuna kosa katika kuanza na jina. Kanuni ninayoiweka darasani ni hii: jina la dhamira haliruhusiwi kusimama peke yake, lazima lifuatwe na sentensi kamili inayoanza kwa maneno “riwaya inaonesha kwamba”. Neno dogo “kwamba” lina nguvu kubwa katika somo hili. Mwanafunzi anayeandika “riwaya inaonesha malezi” hajasema kitu cha kujadiliwa. Anayeandika “riwaya inaonesha kwamba malezi ya ukali mtupu hayamkingi binti na hatari, bali humnyima mtu wa kumwambia hatari inapomfika” ametoa hoja, na hoja hiyo ina watu wa kuiunga mkono na watu wa kuitilia shaka.

Mfano mzuri wa tofauti hiyo ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Karibu kila mwanafunzi aliyeisoma atakuambia kwamba dhamira yake ni malezi. Lakini je, riwaya inamlaumu nani? Je, ni baba mlevi anayemchunga binti yake kwa kipigo, au ni jamii nzima inayomtazama msichana kwa jicho moja na mvulana kwa jicho jingine, au ni Rosa mwenyewe kwa uchaguzi alioufanya alipokuwa mbali na nyumbani? Wanafunzi watatu wanaweza kuandika “malezi” katika madaftari yao na kila mmoja akawa na riwaya tofauti kichwani. Jina hilo fupi limewaficha wasijue kwamba hawakubaliani, na bila kutokubaliana hakuna mjadala.

Kabla ya mjadala, kitabu chenyewe lazima kisomwe. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wapo wanafunzi wanaofika Kidato cha Nne wakiwa wamekariri miongozo ya kuuzwa bila kuigusa riwaya. Ukiwa na nakala nane kwa wanafunzi 50, gawa nakala hizo kwa makundi, panga zamu za prepu, na utenge angalau kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma kwa sauti darasani, wewe mwenyewe ukisoma kurasa za kwanza ili wasikie mdundo wa lugha ya mwandishi. Hesabu hiyo iingie katika azimio la kazi tangu mwanzo wa muhula, kwa maana usipoipangia muda, mada nyingine zitaula.

Wakati wa kusoma, kila mwanafunzi awe na kurasa chache za daftari alizozigawa katika safu tatu. Katika safu ya kwanza ataandika namba ya ukurasa, katika ya pili tukio au maneno yaliyomgusa, na katika ya tatu swali lililomjia. Asiandike dhamira kabisa katika hatua hii. Mwanafunzi anayeitafuta dhamira tangu ukurasa wa kwanza huacha kusoma, kwa sababu anachofanya ni kuwinda maneno yanayofanana na orodha aliyopewa. Maswali ya safu ya tatu ndiyo mbegu ya kila kitakachofuata, na swali lolote linakubalika, hata lile linaloonekana la kitoto kama “kwa nini mama huyu hatajwi jina?”

Sasa nifike mahali ninapotumia muda mwingi kuliko pengine popote, yaani zoezi la kifungu kifupi. Kabla ya kuwarusha wanafunzi katika riwaya yenye kurasa mia mbili, ninawapa aya moja niliyoitunga mwenyewe, ninaiandika ubaoni, na tunakaa nayo kwa vipindi viwili mfululizo. Ninaitunga kwa mambo wanayoyafahamu ili ugeni wa mazingira usiwe kisingizio. Hii ndiyo ninayoitumia mara nyingi (mfongo ni mfereji wa maji, mbege ni pombe ya ndizi, kihamba ni shamba la ukoo, na masale ni mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani):

“Mzee Elinami aliizunguka nyumba mara mbili kabla ya kuketi. Mibuni ya upande wa mfongo ilikuwa imepogolewa vizuri, na chini ya migomba palikuwa na samadi mbichi. ‘Nani aliyepogoa?’ aliuliza. Manka, aliyekuwa akisuuza kibuyu cha mbege, hakujibu. Mama yake ndiye aliyejibu: ‘Amepogoa mwenye mikono, Baba Ombeni.’ Mzee alitoa simu, akampigia Ombeni aliyekuwa Dar es Salaam. ‘Njoo Desemba, mwanangu, uoneshwe mipaka ya kihamba chako.’ Manka alikigeuza kibuyu kinywa chini, maji yakamwagikia masale yaliyokuwa mpakani.”

Swali la kwanza liwe jepesi na la ukweli mtupu: nani yupo, nani hayupo, nani anasema, nani hasemi? Usilidharau swali hili. Wanafunzi wengi hawajagundua kwamba Manka hatamki neno lolote katika aya nzima, wala kwamba Ombeni, ambaye hayupo, ndiye ambaye mama anamtaja kwa jina na baba anampigia simu. Baada ya hapo uliza maswali ya “kwa nini”. Kwa nini mzee anaizunguka nyumba mara mbili? Kwa nini mama hasemi waziwazi “amepogoa Manka”? Kwa nini mwandishi ameliweka neno “chako” mwishoni mwa kauli ya mzee? Hapo ndipo darasa linapoanza kuchangamka, kwa kuwa kila mmoja sasa ana kitu cha kushika.

Atatokea mwanafunzi wa kusema kwamba dhamira ni ukandamizaji wa mwanamke. Usimsifu wala usimkosoe, mwambie aongeze “kwamba”. Sentensi ya kwanza anayoitoa huwa ya jumla mno: “kwamba wanawake wanakandamizwa.” Mwulize kama sentensi hiyo haiwezi kubandikwa kwenye riwaya nyingine yoyote. Ikiwa inaweza, bado haijaigusa aya hii. Atarudi kwenye aya, na baada ya jaribio la pili au la tatu atafika kwenye kitu kama hiki: “kwamba mila ya urithi humpa ardhi mtoto aliye mbali kwa kuwa ni wa kiume, na kumnyima yule ambaye jasho lake liko ardhini.” Sentensi hii imezaliwa na mibuni, samadi, simu na mwezi wa Desemba, na ndiyo maana ina uzito.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu sentensi nzuri ya kwanza huwalaza wanafunzi. Waulize kama mzee ni mtu mbaya. Wengine watasema ndiyo, naye mwenzao atainuka na kukumbusha kwamba mzee ameliona shamba, amelizunguka, na ameuliza nani aliyefanya kazi. Hakuwa kipofu. Basi pengine aya inasema jambo gumu zaidi, kwamba mtu anaweza kuiona haki kwa macho yake mwenyewe na bado akafuata mazoea. Mwingine atamgeukia mama, akieleza kwamba jibu lake la mafumbo linamtetea binti bila kumkabili mume, na hivyo aya inaonesha namna wanawake wanavyosema ukweli katika nyumba ambamo ukweli hauwezi kusemwa moja kwa moja. Kutokana na aya moja isiyozidi maneno mia, darasa limepata sentensi tatu, zote zinatetewa na maneno yaliyoko ubaoni, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye mwongozo.

Yale maji yaliyomwagikia masale huleta ubishi mkubwa kuliko yote, na ubishi huo una somo lake. Wanafunzi wanaotoka Kibosho, Marangu au Machame wanajua kwamba Wachagga hupanda masale mpakani, na kwamba jani la isale hutumika kuombea msamaha. Kwa hiyo wapo wanaosema Manka anasamehe, na wapo wanaosema anaunywesha mpaka ambao utamfukuza. Wenzao waliokuja kutoka Singida au Tanga hawaoni hapo ila majani. Mimi huwaambia kwamba maarifa ya mahali hufungua mlango wa tafsiri, lakini maarifa hayo peke yake si ushahidi. Ili kuamua isale lina maana gani katika riwaya, tungelazimika kuliona likijirudia mahali pengine, nasi tuna aya moja tu. Mwanafunzi akijifunza kusema “aya hii haitoshi kuthibitisha” amejifunza jambo ambalo litamfaa kuliko dhamira kumi za kukariri.

Kutokana na hilo ninatoa kanuni ya pili: katika riwaya nzima, sentensi ya dhamira haikubaliki mpaka ishuhudiwe katika sehemu tatu, mwanzoni, katikati na mwishoni. Mwisho wa riwaya hasa unastahili kuangaliwa kwa makini. Nani ametuzwa, nani ameadhibiwa, nani ameachwa bila jibu? Je, alichokiamini mhusika mkuu katika sura ya kwanza ndicho anachokiamini katika sura ya mwisho? Mara nyingi sentensi iliyoonekana thabiti katikati ya kitabu huanguka mwishoni, na mwanafunzi analazimika kuiandika upya. Mruhusu aiandike upya na kuiacha ile ya zamani daftarini, imekatwa kwa mstari mmoja ili isomeke, aone mwenyewe mawazo yake yalivyosogea.

Kuhusu uendeshaji wa mjadala, kikwazo kikubwa katika madarasa yetu ni heshima iliyoeleweka vibaya. Mwanafunzi aliyelelewa asimjibu mkubwa hawezi ghafla kupinga tafsiri ya mwalimu, na hata kumpinga mwenzake mbele za watu huonekana ni kumwaibisha. Usimtake aiache adabu yake, mpe maneno ya kuitumia. Ninawaandikia ubaoni kauli kama “ninakubaliana na mwenzangu katika sehemu ya kwanza, lakini ukurasa wa 61 unanipa shaka”, au “naomba nimwulize aliyetangulia ameliona wapi hilo kitabuni”. Baada ya wiki chache swali la “wapi kitabuni?” linakuwa la darasa zima, nami sihitaji tena kuliuliza. Linapoulizwa kwa mwalimu pia, lipokee kwa uzito uleule na ufungue kitabu.

Anza kila mjadala kwa dakika tatu za kuandika kimya, kisha wawili wawili wasomeane, ndipo darasa zima lisikilize. Utaratibu huu unawasaidia hasa wasichana na wale wanaoona haya, kwa kuwa wanaposimama wanakuwa na karatasi mkononi na mwenzao mmoja ambaye ameshawasikia. Katika makundi ya watano, mmoja awe msomaji, mmoja mwandishi, wawili watafute ushahidi, na wa tano awe mpinzani ambaye kazi yake ni kutafuta ukurasa unaoikataa sentensi ya kundi. Nafasi ya mpinzani izunguke, asiwe mtu mmoja kila siku. Nawe mwalimu, ukishauliza swali, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Kumi ni nyingi ukiwa umesimama mbele ya macho hamsini, lakini mwalimu anayejijibu mwenyewe huwafundisha wanafunzi kusubiri.

Riwaya zetu zinazungumzia mambo mazito, kama ndoa za utotoni, ubakaji, ulevi, maradhi, na katika darasa kubwa huenda yupo aliyeyapitia. Weka wazi kwamba tunamzungumzia mhusika, hatumzungumzii jirani wala mwanafunzi mwenzetu. Ikiwa mtoto atakufuata baada ya kipindi na jambo lake, msikilize, kisha umfikishe kwa mwalimu wa ushauri na unasihi badala ya kulichukulia kama mfano wa somo.

Historia nayo ina nafasi yake katika kuchambua dhamira, na sisi wa kanda hii tunayo karibu. Riwaya inapozungumzia utabaka na viongozi waliojitajirisha katika miaka ya baada ya uhuru, mwanafunzi anahitaji kujua kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967 na kwamba lilimkataza kiongozi kumiliki hisa katika kampuni, kuwa na nyumba za kupangisha au kupokea mishahara miwili. Ukipata nafasi ya kuwapeleka kwenye Makumbusho ya Azimio kule Kaloleni, Arusha, wapeleke. Riwaya inapogusa mkulima wa kahawa na bei yake, wajue kwamba chama kikuu cha ushirika cha KNCU kiliundwa hapa Kilimanjaro mwaka 1933, hivyo shauku ya mkulima kuuza pamoja na wenzake ina mizizi mirefu. Na baada ya zoezi la Manka, ninawaeleza kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Hapo mjadala hugeuka ghafla: ikiwa sheria imesema hivyo, kwa nini mwandishi anaweza bado kuandika kisa hiki na kikaaminika? Swali hilo linawapeleka kwenye mtazamo na msimamo wa mwandishi bila mimi kuzitaja istilahi hizo.

Tahadhari moja tu: historia itangulie kwa dakika chache au ifuate baada ya mjadala, isikae mahali pa kitabu. Nimewahi kujikuta nimemaliza kipindi kizima nikisimulia siasa ya Ujamaa, na wanafunzi wangu wakaandika insha nzuri za historia ambazo hazikuwa na mhusika hata mmoja.

Insha ndiyo mahali ambapo yote haya hupimwa. Swali la mtihani kwa kawaida humtaka mwanafunzi athibitishe kauli fulani kwa kutumia riwaya mbili, akitoa hoja kadhaa kutoka kila kitabu. Kosa linalowaangusha wengi ni kuandika “dhamira hii imejitokeza pale ambapo” na kisha kusimulia hadithi mpaka mwisho wa aya. Mfundishe kwamba aya ya hoja ina kazi nne: sentensi ya dhamira, tukio lililochaguliwa kwa ufupi, maneno au kitendo mahususi kutoka kwenye tukio hilo, na maelezo ya namna kitendo hicho kinavyoithibitisha sentensi. Kazi ya nne ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo uchambuzi wenyewe.

Waoneshe kwa mfano. Aya dhaifu kuhusu kifungu chetu ingesema: “Dhamira ya mila na desturi imejitokeza pale ambapo Mzee Elinami anampigia simu Ombeni aje Desemba kuoneshwa kihamba, wakati Manka amepogoa mibuni.” Aya yenye nguvu ingesema: “Riwaya inaonesha kwamba mila ya urithi humnyima ardhi yule aliyeitunza. Mzee Elinami anaikuta mibuni imepogolewa, lakini badala ya kumshukuru Manka anampigia simu Ombeni aliyeko Dar es Salaam na kukiita kihamba ‘chako’. Neno hilo moja linakabidhi umiliki kwa mtu asiyeijua hata mipaka, kwani mwenyewe anaitwa aje aoneshwe, huku aliyeifanya kazi akiwa amesimama palepale bila kutajwa.” Waache wanafunzi waeleze wenyewe ni nini kimeongezeka. Kwa kawaida wanakiona haraka: mtu asiyeijua mipaka ya shamba anapewa umiliki, na hilo halikuwa limesemwa na mtu yeyote ubaoni, limetoka katika kusoma neno moja kwa utulivu.

Katika kusahihisha, ninatumia alama mbili tu pembeni ya karatasi. W yenye alama ya kuuliza maana yake ni “wapi kitabuni?”, na K yenye alama ya kuuliza ni “kwa hiyo?”, yaani umenipa tukio lakini hujaniambia linathibitisha nini. Siandiki majibu. Ninairudisha insha, ninatoa kipindi kimoja cha kurekebisha darasani, kitabu kikiwa wazi mezani, na kila mwanafunzi huchagua aya moja tu yenye alama nyingi na kuiandika upya. Alama za mwisho ninazitoa kwa aya hiyo iliyoandikwa upya, na ile ya kwanza inabaki imebanwa nyuma yake kwa pini ili tutakapoanza riwaya ya pili aweze kuitazama.